Oili ya Mdogo Wangu

Mimi nilipotua kutoka Ghuba sikurudi na sanduku tupu kama wengine. Nilirudi na vyeti, vifaa vyangu vya kazi, na akili ya mtu aliyesimamia karakana ya malori kwa miaka mingi. Diploma yangu ya ufundi wa magari niliichukua Kitui, karo nikijilipia kwa kuponda kokoto kila likizo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Ile nyumba ya mawe yenye paa la kijani, unayoiona ukipanda kuelekea Kikima, ni yangu. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba nikizungumza juu ya injini, sibahatishi.

Kilichonirudisha ni mazishi. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, aliugua ini na kwenda upesi. Nilifika siku moja kabla hajazikwa. Nilitia udongo, nikashukuru kanisa kwa niaba ya familia, nikahakikisha wageni wote wamekula. Sikulia. Watu wakasema ndio ugumu wa aliyekaa mbali sana. Huenda. Mimi nilijisikia kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako, lakini ukiubonyeza, hakuna kitu.

Mdogo wangu alikuwa mwanabodaboda, na aliacha pikipiki. Kwa kuitunza alikuwa hodari karibu kama mimi, na sishangai, maana mimi ndiye niliyemfundisha kwa simu. Wenzake walikuwa wakingoja injini ipige kelele ndipo watafute fundi. Yeye alibadilisha oili mapema, ikiwa bado na rangi, nyuma ya jiko la mama, juu ya gunia ili chembe ya mchanga isiingie. Mara ya mwisho macho yake yalikuwa yameshageuka manjano. Hakuweza kuchuchumaa, kwa hiyo aliketi kwenye kigoda. Akatoa oili kuukuu, akatia mpya, akaifuta injini kwa kitambaa, akaifunika kwa turubai. Mama alikuwa amesimama karibu, ameshika kikombe cha uji ambacho mwanawe hakukinywa. Baada ya hapo aliingia ndani kulala, na hakufanya kazi nyingine kwa mikono yake tena.

Hayo alinisimulia mama mwenyewe. Kwa Kikamba mama huitwa mwaitu, na ndivyo ninavyomwita mpaka leo, mvi zangu na zake zikitazamana.

Mwaitu ana presha na sukari, na kila mwezi huenda kliniki Wote. Nilipoamua kubaki nyumbani, nilimwambia ajiandae, nitampeleka kwa gari langu. Ni gari zuri, viti vyake havijachubuka. Alilizunguka, akaligusa mlango.

"Gari lako ni zuri, mwanangu," akasema. "Lakini kliniki nilikuwa nikipelekwa na ile."

"Ile imekaa chini ya turubai miezi."

"Basi itoe turubai."

"Mwaitu, barabara ina vumbi, na mgongo wako…"

"Mgongo ni wangu. Siku ile itakapokataa, nami nitakaa nyumbani nimeze mwarobaini."

Alimaanisha. Namjua. Nikaisukuma pikipiki hadi nyuma ya jiko, nikatandika gunia, nikachukua spana. Kabla sijagusa boliti ya chini, kivuli chake kilikuwa juu yangu.

"Unafanya nini?"

"Natoa oili. Imekaa muda mrefu."

"Aliyeiweka ni nani?"

"Ni yeye."

"Basi iache."

Nikaweka spana chini. Nikamweleza kwa upole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza vijana wa karakana. Oili haiharibiwi na kazi tu. Hata ikikaa bure huvuta unyevu. Ikifanya kazi hubeba uchafu wa injini, masizi na unga wa chuma, mpaka siku moja haiwezi kubeba zaidi. Kuanzia hapo haitelezeshi vyuma, inavisugua. Oili huchoka, nikamwambia.

"Hata mimi nimechoka," akasema, "na hujanimwaga."

Nikaiokota spana, nikairudisha kwenye mfuko wa vifaa.

"Ikipungua, ongeza," akasema. "Kuongeza sijakukataza. Kutoa, hapana. Ile ni kazi ya mikono yake."

Nikaongeza. Kama ningekuwa na uchungu, labda ningegombana naye, lakini sikuwa nao. Nilisimamisha pikipiki wima kwa stendi ya katikati, nikafuta kijiti cha kupimia, nikakitia bila kukikaza, nikasoma alama, nikamimina kidogo. Hivyo ndivyo inavyopimwa. Wengi hapa Kikima hupima pikipiki ikiwa imelalia upande, kisha wanashangaa kwa nini oili imezidi na inavuja kila mahali.

Tukaenda Wote mwezi ule, na mwezi uliofuata, na iliyofuata. Sokoni tulienda nayo pia, na kanisani, kwa sababu mwaitu hakutaka ikae. Kila nikipima, kijiti kilikuwa kimeshuka, nami naongeza. Moshi ulianza kutoka wa buluu, hasa tukiteremka kisha nikivuta mafuta tena. Nilijua maana yake: ringi za pistoni zinachakaa na injini inaichoma oili pamoja na petroli. Kisha tapeti, vile vyuma vinavyosukuma vali, zikaanza kugonga, taka-taka-taka, kama mtu anayehesabu sarafu mfukoni. Watu wazima hugeuka wakisikia mtoto akikohoa vile. Mimi nilisikia, nikatambua ni nini na mwisho wake ni upi, nikaendelea kuendesha. Usiku nililala vizuri. Nililala vizuri kupita kiasi miezi ile yote.

Siku iliyotufikisha mwisho, tulikuwa tunarudi kutoka kliniki. Jua lilikuwa kali na mwaitu alikuwa nyuma yangu na mfuko wa dawa. Katika ule mwinuko mrefu kabla ya Kikima, pikipiki ilipoteza nguvu. Nilirudisha gia, ikanguruma bila kwenda. Harufu ya chuma kilichoungua ikapanda hadi puani. Nikaizima kabla haijajizima yenyewe.

Mwaitu akashuka, akaketi juu ya jiwe kando ya barabara, akapanga leso mapajani.

"Imekufa?"

"Bado. Nikiiwasha sasa ndipo itakufa."

Vijana wawili wa bodaboda wakapita, wakapunguza mwendo.

"Mzee wa Ghuba! Diploma imeisha petroli?"

"Tukuvute na kamba ya mbuzi?"

"Nendeni," nikawaambia. "Wewe, shoki yako ya mbele inavuja, na wewe, mnyororo wako umelegea kama mkanda wa mlevi. Jumamosi mtaniletea wenyewe."

Wakacheka, wakaenda. Jumamosi waliniletea, lakini hilo ni lingine.

Tukangoja injini ipoe. Upepo ulikuwa unatoka bondeni na kuleta vumbi. Mwaitu alikuwa anaitazama pikipiki jinsi alivyomtazama mdogo wangu kitandani, nadhani, maana mimi sikuwapo.

"Na ikifa?" akauliza.

"Nitakupeleka kwa gari."

"Sitapanda."

"Najua."

Akaipanga leso upya mapajani. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Yeye angekuwa ameitoa?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu nilitaka kusema kweli na si kushinda.

"Mwaitu, tangu siku ile angekuwa ameitoa mara nyingi. Hangeipa nafasi ya kuwa hivi. Hakuwa mtu wa kuacha oili ikae."

Aliutazama mfuko wake wa dawa. "Kesho itoe," akasema. "Nikiwepo."

Injini ilipopoa, niliongeza oili iliyobaki kwenye chupa, nikaiwasha, tukapanda polepole kama watu wanaosindikiza kitu.

Asubuhi nikatandika gunia. Niliiwasha dakika chache ili oili ipate joto na kulegea, maana ikitoka baridi huacha uchafu wote ndani. Nikaweka beseni, nikafungua boliti. Ikatoka nyeusi, nyepesi kama chai ya rangi, na juani ilimetameta unga wa chuma. Mwaitu aliinama karibu kabisa na beseni.

Hapo ndipo jirani yetu alipotokea uani na mkebe mkononi. Huku kwetu mlio wa spana hauhitaji tangazo. Oili kuukuu haimwagwi. Hupakwa nguzo ili mchwa asizile, na mwenye kibanda cha kuku hujua nani anabadilisha oili kabla mwenye pikipiki hajajua.

"Hamjambo hapa? Nilikuwa napita tu," akasema.

"Unapita na mkebe?" mwaitu akamuuliza.

"Mkebe huwa natembea nao."

"Basi tembea nao. Hii si ya kuku wako."

"Mama, kidogo tu, ya nguzo ya mlango."

"Kuku wako waingie kwa dirisha."

Akaondoka akicheka, akimwomba Mungu ampunguzie mama ukali. Mwaitu hakucheka. Alisubiri mpaka nyayo zikaisha.

"Hii ni yake?" akaniuliza, akionyesha beseni.

Jibu nilikuwa nalo. Injini ilikuwa inaichoma oili miezi yote ile nami naongeza juu yake, kwa hiyo ile aliyoiweka mdogo wangu ilikuwa imekwenda kwa moshi, kidogo kidogo, katika barabara ya Wote. Nyingi ya ile iliyokuwa kwenye beseni niliimimina mimi. Mwenye diploma angelieleza hilo kwa sentensi mbili.

"Ni yake," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Nikafunga boliti na wosha mpya ya kuzuia kuvuja, nikamimina oili safi, nikaiwasha. Tapeti zilipungua kugonga, zikabaki kwa mbali. Ringi zitahitaji kubadilishwa, na nitazibadilisha mwenyewe, lakini injini ilikuwa hai na mwezi ujao ingempeleka kliniki. Nikaizima, nikangoja ishuke, nikapima. Ilikuwa kwenye alama.

Nilipogeuka, mwaitu alikuwa amebeba beseni hadi kwenye zizi la mbuzi. Alikuwa amefunga kitambaa kwenye kijiti na kupaka nguzo, kuanzia chini pale mchwa huanzia, akizunguka kila moja polepole bila kuruka upande. Nilisimama nikitazama. Nilingoja kitu kinishike, hakikunishika. Nguzo tatu zilipata. Kwenye ya nne alipaka mara moja tu, akalipindua beseni juu ya kitambaa na kulishikilia hivyo muda mrefu.

"Imeisha," akasema.

"Imeisha, mwaitu."

Nikampokea beseni, nikaenda kunawa mikono.