Mapigo Arobaini na Nane ya Kunyamaza

Mstaafu alijiunga na idara ya muziki ya chuo kikuu akiwa na miaka hamsini na saba, baada ya kupuliza tuba katika bendi ya polisi kwa miaka thelathini. Tuba ni lile tarumbeta kubwa kuliko yote, ambalo mpigaji hulikumbatia kama mtoto mkubwa aliyekataa kutembea. Darasani walikuwa kumi na tisa. Wale kumi na wanane walimwita mzee, wakamwachia kiti cha mbele, wakampa shikamoo yake kila asubuhi kwa adabu kubwa, na kwa adabu hiyohiyo wakaenda kula bila yeye. Heshima nayo ni ukuta, ila umepakwa rangi nzuri.

Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Bintiye, aliyeolewa mbali, alimpigia simu kila Jumapili kumuuliza kama anakula. Alikuwa anakula.

Saa mbili hadi saa nne asubuhi alijifungia chumba cha mazoezi namba nne, chenye kiti kimoja na stendi ya karatasi iliyofungwa kwa waya. Hakuna aliyewahi kugombania naye saa hizo. Mwanafunzi wa muziki, saa mbili asubuhi, bado ni uvumi tu.

Mwaka wa mwisho ukaja na kanuni yake: mtihani wa jukwaani mtu hapigi peke yake. Kila mmoja ajitafutie mpiga piano wa kumsindikiza. Asiyempata arudie mwaka. Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa, lakini kanuni hazikusema kidole cha pili kinapatikana wapi. Wapiga piano walikuwa wanne, na waimbaji walishawawahi. Mstaafu aliwafuata mmoja mmoja. Watatu walimkatalia vizuri sana, karibu ashukuru.

Wa nne alikuwa msichana waliyemwita Bubu, kwa kuwa alizungumza pale tu palipokuwa na haja. Alizipitia noti za Mstaafu, akasema watafanya mazoezi mara moja, siku moja kabla ya mtihani, basi.

Siku hiyo ukurasa wa kwanza ulikwenda kama maji. Katikati ya ukurasa wa pili Mstaafu akavuta pumzi, akaendelea, na piano ikawa upande mwingine kabisa. Wakarudia; wakagongana palepale. Mara ya tatu Bubu akaondoa mikono kwenye piano.

"Mzee, hapa unanyamaza mapigo arobaini na nane. Unakwenda wapi?"

Mstaafu akaitazama karatasi. Kimya kilikuwepo, kimechapwa kwa wino mweusi, na alikuwa amekiona tangu mwanzo wa mwaka. Ila kule namba nne, kila alipofika hapo, alikiruka. Nani atakaa chumbani peke yake, ameshika chuma kifuani, akingoja piano isiyokuwepo?

"Huwa hakuna mtu," akasema.

Bubu akarudisha mikono kwenye piano. "Kesho nipo. Usiniruke."

Kesho yake mbele ya wahadhiri watatu alifika pale, akanyamaza. Akahesabu, midomo ikimchezacheza kama mtu anayesali. Kufikia pigo la kumi aligundua jambo ambalo mwaka mzima hakulijua: wimbo wenyewe ulikuwa huku, kwenye piano. Yeye siku zote alikuwa akifanyia mazoezi kuta. Nyumba ilikuwa ndani ya kimya chake. Akasikiliza. Arobaini na nane ikafika, ikapita, naye bado anasikiliza.

Bubu hakugeuka. Aliyarudia mapigo manne ya mwisho, taratibu, kama ndivyo yalivyoandikwa, kisha akainua kidevu. Mstaafu akaingia.

Walipomaliza, mhadhiri mkuu alipekua karatasi yake, akauliza yale manne ya ziada yametoka wapi.

"Ni yangu," akasema Bubu.

Mhadhiri akaandika kitu. Mstaafu akafaulu, kwa alama ambazo mtu hazitangazi wala hazifichi.

Nje ya mlango alikuwa ameandaa maneno ya kumshukuru, tena marefu. Bubu akampa mkono, akasema, "Hongera, mzee," akarudi ndani, maana mwimbaji aliyefuata alikuwa ameshapanda jukwaani. Mstaafu akaketi kwenye benchi la varanda na tuba lake. Hakuwa na pa kuwahi. Kupitia mlangoni alimsikia mwimbaji akianza, kisha akinyamaza, piano ikabaki peke yake, naye akajikuta anahesabu.

Mwimbaji aliingia mapema, kwa mapigo mawili.