Sura ya Falone

Katsuva alihama Butembo akiwa na brashi zake ndani ya mfuko wa unga, akapata riziki Bunia kwa kuchora ukutani: mitindo ya nywele kwenye saluni, samaki wa Kasenyi, bandari ya ziwani, kwenye milango ya migahawa. Sura za watu alizichora kwa kutazama foto tu. Bila foto hakuweza, wala hakuona haya kusema hivyo.

Asubuhi moja Emerance, mama kutoka kambi ya waliokimbia vita, alifika kazini kwake, akasimama bila hata kusalimu.

"Papa Katsuva, unichoree mutoto wangu, Falone."

"Leta foto, mama."

"Foto yote iliungua na nyumba. Falone naye alikuwa mule ndani."

Katsuva akaweka brashi chini. "Mama, siwezi kuchora mutu sijamuonaka."

"Basi toa sura yake mu kichwa yako. Nitakusaidia."

Emerance akaketi juu ya bidoni, dumu tupu la maji, Katsuva akaanza kuuliza. Pua ilikuwa namna gani? Ndogo. Macho? Mazuri. Paji la uso? Emerance akaliruka swali hilo.

"Alikuwa anachekaka," akasema. "Anachekaka mpaka anaanguka."

Kila alipoulizwa sura ya mtoto, alijibu kwa mambo ya mtoto. Katsuva akachora kwenye kibao, akafuta, akachora tena. Hapana, si yeye. Jua likapanda, likaanza kushuka. Mwishowe, huruma na uchovu vilipomzidi, Katsuva aliacha kuuliza, akabuni kitoto kizuri chenye kicheko.

Emerance alikitazama mpaka machozi yakamkauka.

"Si yeye," akasema. "Lakini nipatie."

Mvua zilipoanza alirudi, amekonda, kibao amekikumbatia.

"Papa, zamani nilikuwa nafunga macho, namuona. Kidogo, lakini namuona. Sasa naona huyu wako tu. Umuondoe!"

"Nitapaka rangi juu yake, mama."

"Si pale ku kibao! Huku!"

Akajipiga paji la uso kwa kiganja, tena na tena, hadi Katsuva akamshika mikono. Kisha akamwachia. Akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akafunika mashavu, macho, kicheko. Emerance alingoja, amefumba macho.

"Ameenda, mama?"

"Bado iko mu kichwa."

Kibao kilikuwa cheupe chote. Katsuva akachovya tena, akaendelea kupaka.