Gitaa la Sipre na Muvugangoma

Miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru, nilikuwa seremala hapa Goma, katika atelye ya Mzungu mmoja karibu na ziwa. Tulitengeneza milango, vitanda na viti vya hoteli. Mimi ni Munande, nilizaliwa upande wa Butembo. Mke wangu alikuwa binti wa wafugaji wa Masisi, na lugha ya kwao ilikuwa Kinyarwanda. Nyumbani tulisemezana Kiswahili, maana ndicho kilichokuwa chetu sote wawili. Tuliishi mtaa wa Majengo, vyumba viwili vya mbao vilivyosimama juu ya mawe meusi ya volkano, na tuliitana papa na mama ingawa mwaka wa tatu wa ndoa ulikuwa unapita bila mtoto.

Mke wangu aliimba. Kila Dominika alisimama katika kwaya ya kanisa, sauti ya pili. Padre alitaka kumpa sauti ya kwanza, akakataa.

"Ya kwanza kila mutu anaisikia," aliniambia siku hiyo. "Ya pili ni ya kutafuta."

Siku moja aliingia kwenye atelye Mzungu aliyekuwa akipigia muziki wageni wa hoteli. Alibeba sanduku, na ndani yake mlikuwa na gitaa ambalo sikuwahi kuona mfano wake. Magitaa tuliyoyajua yalikuwa na uso bapa na tundu moja la duara katikati. Uso wa hili ulikuwa umechongwa ukainuka polepole kutoka ukingoni mpaka katikati, na badala ya tundu lilikuwa na mipasuo miwili iliyopinda kama ya violini. Chini ya nyuzi kulikuwa na kisanduku kidogo chenye sumaku na waya mwembamba wa shaba, na kutoka hapo waya wa umeme ulikwenda mpaka kwenye spika. Alituambia ni gitaa la kupigia jazi, kwamba mafundi wanaoyachonga kwa mkono ni wachache hata kwao Ulaya, na kwamba hajakutana na jingine katika Kongo nzima. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeachanisha uso na ubavu wake, pakabaki mwanya.

Kazi nilipewa mimi kwa sababu mkono wangu ulikuwa mwepesi kwenye mbao nyembamba. Nilikaa nalo siku nne. Kupitia ule mwanya niliona ndani yake, na nikaona mengi. Uso ulikuwa wa mti mweupe, mwepesi, wenye mistari iliyokaribiana kama ya daftari la shule. Mgongo ulikuwa wa mti mgumu. Kumbe ilikuwa miti miwili yenye tabia mbili, mmoja wa kutikisika na mwingine wa kurudisha ule mtikisiko.

Alipokuja kulichukua alileta spika yake ili alijaribu. Ilikuwa saa sita mchana. Mke wangu alikuwa ameniletea chakula, ameketi mlangoni akisubiri nimalize. Yule Mzungu akaanza kupiga taratibu, nyuzi nyingi kwa pamoja, sauti zilizokaa karibu karibu bila kugombana. Mke wangu akaanza kuimba mdomo ukiwa umefungwa. Mzungu aligeuka akamwangalia, akarudia pale pale alipokuwa, na mke wangu akaweka sauti mahali palipokuwa na pengo. Waliendelea hivyo mpaka chakula changu kikapoa.

"Bibi yako ana sikio kunipita mimi," Mzungu aliniambia akilirudisha gitaa sandukuni.

Jioni ile tukiwa nyumbani mke wangu akasema, "Magitaa zingine zinafunika sauti. Ile inaniachia nafasi."

"Nitakutengenezea."

"Usiseme kama hautafanya."

"Nitafanya."

Tulianza kutafuta miti. Nasema tulianza, kwa sababu mimi nilijua kukata lakini yeye ndiye aliyejua kusikia. Nilikuwa nashika ubao kwa vidole viwili, karibu na ncha, nikiugonga kwa kifundo cha kidole, naye anasogeza sikio. Mingi aliikataa. "Huu umelala," alisema. Au, "Huu unapiga makelele, hauimbi." Shingo ya gitaa haikutusumbua. Nilikuwa na kipande cha libuyu, mti mwekundu wa msitu wa Beni, kilichokauka vizuri na kisichopinda. Kwa mgongo na mbavu alinishauri muvugangoma, mti ambao watu wa kwao hutengenezea ngoma. Tuliupata sokoni Kiwanja, kwa mzee mmoja aliyekuwa amekusudia kuuchimba uwe beseni la kukamulia ndizi za pombe. Mke wangu aliugonga mara moja tu, akaniangalia, nikajua tumepata.

Uso ndio uliotuchelewesha. Mti mweupe wa Ulaya haukuwepo. Mwishowe akakumbuka mbao za sipre, ile miti mirefu iliyopandwa na mapadre. Mmoja ulikuwa umeangushwa na upepo mbele ya kanisa la kwao akiwa bado msichana, na baba yake akapewa mbao zake kadhaa. Zilikuwa zimekaa darini, juu ya moshi wa jiko, miaka yote hiyo. Tukapanda Masisi. Baba mkwe alizishusha mwenyewe, zimekuwa nyeusi kwa masizi.

"Nilikuwa nataka kuzitengenezea mulango," alisema.

"Mulango nitakutengenezea mwingine, muzee," nilimjibu.

"Hii gitaa itawapa mutoto?" aliuliza. Mke wangu akacheka, na mimi nikacheka, lakini mzee hakucheka.

Nilichonga nyumbani, baada ya kazi na siku za mapumziko. Msimu wa mvua ulikuwa umeanza, kwa hiyo nilifanyia kazi chumba cha mbele, mlango umefungwa. Niliunganisha mbao mbili za sipre katikati, nikaanza kuzipunguza kwa patasi, kisha kwa randa ndogo, kisha kwa kipande cha chupa, na mwisho kwa msasa. Vumbi la sipre ni laini, lina harufu nzuri, na linaingia kila mahali. Tulilikuta kwenye sahani, kwenye shuka, kwenye nywele zake.

Akaanza kukohoa.

"Ni vumbi ya mbao," nilimwambia. "Inapita."

Nilimpa kitambaa cha kufunga puani, akakifunga. Alikohoa mwezi ule na mwezi uliofuata. Siku za Noeli nilimwacha kwao Masisi siku tano. Nikafungua madirisha, halafu nikahamisha kazi yote nje, chini ya bati nililoliegemeza ukutani. Bado alikohoa. Nikasema vumbi lilikuwa limeshamwingia kifuani na litatoka polepole. Nilisema hivyo kama fundi anayejua, kwa kuwa nilikuwa nimewaona mafundi wengi wakikohoa na kupona. Yeye alinikubalia. Akaacha kwaya. Nilipomuuliza sababu alisema, "Pumzi haifiki mwisho wa mustari." Hata hapo sikusikia alichokuwa ananiambia.

Asubuhi moja nilikuwa nawasha jiko. Tuliwashia moto maranda ya mbao, tuliyoyaweka katika gunia nyuma ya nyumba. Niliingiza mkono nikatoa vitambaa vitatu vimekunjwa, vimekauka kwa damu. Alikuwa anavificha humo ili viungue bila mimi kuviona.

Nikaingia ndani navyo. Alikuwa amelala bado, macho wazi.

"Tangu lini?"

"Tangu mbele ya Pasaka."

"Na haukuniambia."

"Ulisema ni vumbi."

Hakusema kwa hasira.

Daktari alisema ni kifua kikuu, na kwamba kimeshakwenda mbali. Akamtuma kwenye hospitali ya masista huko milimani, siku nzima kwa lori, mahali palipotengwa kwa wagonjwa wa kifua. Nilimpeleka mimi. Hakuruhusiwa kukaa na mtu. Nilirudi Goma peke yangu, na kwa kuwa sikujua nifanye nini katika ile nyumba, nikalimaliza gitaa.

Yule Mzungu wa hoteli alinipa kisanduku chake cha pili cha sumaku na waya, alichokuwa amekiweka kama akiba, akanionyesha namna ya kukifunga chini ya nyuzi. Nikapaka vernishi, nikafunga nyuzi, nikampelekea. Alilipiga mchana mmoja katika ukumbi wa hoteli wakati wageni walipokuwa ziwani. Wapishi walitoka jikoni kusikiliza. Kila mtu alilisifu, yeye pia. Lakini mimi nilisikia kitu kimekabwa, na sikuweza kusema ni wapi. Aliyejua kusema hakuwepo.

Nikalipakia kwenye lori nikampelekea mke wangu. Wageni walisimama barazani, wagonjwa wakabaki ndani karibu na dirisha. Alikuwa amekonda, na masista walikuwa wamemkata nywele. Alipoliona gitaa alitaka alishike. Sista akakataa, kisha akaangalia pembeni, nikampitishia dirishani. Alilipapasa mgongo. Akagonga uso wake kwa kidole, juu, katikati, chini. Akanirudishia.

"Piga."

Hapakuwa na umeme wa kuliwashia, na mimi nilijua mikono mitatu tu ya kushika nyuzi, ile niliyofundishwa na Mzungu. Nikapiga hiyo mitatu, polepole, nikairudia.

"Ni nzuri," alisema.

"Sema kweli, mama."

Akatabasamu kidogo. "Inaanza muzuri, kisha inakufa mbio. Uko na unene hapa chini, pembeni, upande wa nyuzi kubwa. Ondoa."

"Itabidi nilifungue tena."

"Basi ulifungue."

Nikapiga tena. Akafungua mdomo aimbe ile sauti yake ya pili. Alitoa mstari mmoja, haukuisha. Kikohozi kikamshika, sista akafunga pazia. Nilisubiri barazani mpaka dereva wa lori akanipigia honi. Kabla sijaondoka nilimsikia nyuma ya pazia akiuliza, "Utairudisha niisikie?"

"Nitairudisha," nilisema.

Kufungua gitaa lililokwisha gundishwa ni kazi ya subira. Unapasha kisu, unapitisha mvuke wa maji, unabandua mgongo kidole kwa kidole. Nilipoufungua nikapitisha mkono ndani, pale pale aliposema, nikaukuta ule unene. Niliuondoa kwa kipande cha chupa, nikigonga, nikisikiliza, nikijaribu kusikia kama yeye. Lakini mvuke ulikuwa umelowesha mbao, na mbao ikilowa lazima uiache ikauke kabla ya kuigundisha. Nikaiacha. Dominika tatu zilipita.

Ningeweza kwenda kumwona bila gitaa. Ninalisema hili sasa kwa sababu ndilo linalonila mpaka leo, kuliko hata lile la vumbi. Dominika ya kwanza niliweza, ya pili pia, ya tatu pia. Malori yalikuwepo. Nilidhani siwezi kumwendea mikono mitupu.

Nilikuwa nimegundisha mgongo na kuubana kwa vibano pande zote, gundi bado mbichi, katekista alipokuja. Alivua kofia kabla ya kufika mlangoni. Nikamwambia, "Ngoja kwanza," nikakaza kibano kimoja kilichokuwa kimelegea. Kisha nikakaa chini, akanipa habari.

Tulimzika kwao Masisi, kwa sababu baba yake aliomba. Nilikaa huko wiki moja. Nilipoteremka Goma gitaa lilikuwa pale pale juu ya meza, limebanwa. Nikaondoa vibano, nikafunga nyuzi, nikashika ule mkono wa kwanza niliofundishwa, nikapiga. Lilikuwa sawa. Sauti ilitoka, ikakaa, ikaisha kwa wakati wake, na katikati palikuwa na nafasi. Nililiweka chini. Nilitoka nje nikatembea mpaka jua likazama.

Mzungu alipolisikia alitaka tubadilishane, lake la Ulaya kwa langu. Nilikataa. Hata hivyo sikuwa mpigaji, na gitaa likikaa bila kupigwa linazeeka vibaya. Mwaka uliofuata ilipita orkestra iliyokuwa ikielekea Bukavu, na kati yao kulikuwa na msichana aliyeimba sauti ya pili. Nikampa mpigaji wao lile gitaa. Aliniuliza nataka nini, nikamwambia nataka asilipake rangi. Sijui lilifika wapi.

Ilinichukua miaka miwili kupanda tena Masisi. Nilikuta baba mkwe ameketi mbele ya nyumba, anasuka kamba ya ng'ombe. Nilikaa karibu naye, nikamweleza yote: kikohozi, vumbi, miezi niliyoipoteza, zile Dominika tatu. Nilimweleza nikiangalia ardhi. Alisuka mpaka nikamaliza, na baada ya hapo akaendelea kusuka kidogo.

"Mukwe," alisema, "siku ya Noeli alikuwa hapa, ulimuacha siku tano. Alikuwa anakohoa. Mama yake akasema ni baridi ya mulima. Mimi nikasema ni baridi."

Alirudi kwenye kamba yake. Mama mkwe alitoka ndani na maziwa katika kibuyu, akanipa. Akakishikilia kile kibuyu pamoja nami mpaka nikanywa.