Gari Lililokataa Kugonga Ukuta

Kaka yangu alituletea ile mashine ya geimu kwa sababu wanawe walikuwa wamenunuliwa mpya. Hakusema hivyo. Alisema, "Nimewaletea kitu cha kuwachangamsha," akaiweka mezani pamoja na usukani wake wa plastiki na pedali zilizokwaruzika, kwa mkono wa mtu atoaye sadaka. Mimi na mama tulikuwa tunaishi wawili tu Mtongwe, katika nyumba aliyoiacha baba. Uani lilisimama gari la baba, limefunikwa turubai. Ufunguo wake kaka aliuchukua siku ileile tuliyomaliza hitima, akaenda nao kwake Changamwe. "Usije ukapotea," alisema, na hakuna aliyemuuliza kitu nyumbani mwetu kilipotea lini.

Mama hakuwahi kuendesha gari. Alimwomba baba amfundishe, si mara moja, na baba alimjibu kwamba mke mwenye mume hana haja ya kushika usukani. Basi mama akapakiwa. Alipakiwa kwenda harusini, akapakiwa kwenda matangani, akapakiwa kwenda kunizaa. Baba alipofariki pakawa hapana wa kumpakia, na gari liko pale pale mlangoni.

Nilimfungulia geimu siku moja baada ya swala ya alasiri, kwa mzaha. Ulikuwa mchezo wa mashindano ya magari, wa aina iliyo kati na kati. Ukitaka, unaucheza kitoto: unakanyaga mafuta, na mashine inakushikia breki na kukuzungushia usukani penye kona. Ukitaka, unaizima misaada yote, na hapo gari linapata uzito wake. Matairi yanateleza, na ukikanyaga breki katikati ya kona unajikuta umetupwa majanini, umetazama ulikotoka. Mimi nilimwachia misaada yote. Mama akajifunga leso kiunoni, akakaa mbele ya televisheni, na mbio zake za kwanza akashinda.

Hakucheka. Alinigeukia, uso ameukunja.

"Pale konani mimi sikukanyaga breki. Nani aliyekanyaga?"

"Mashine, mama. Inakusaidia."

"Basi aliyeshinda ni mashine. Zima."

Menyu ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nilimsomea, na kila msaada niliomtajia alisema, "Zima na huo." Kisha akaanza kushindwa. Alishindwa kwa wiki na wiki. Aligonga kuta, akapinduka, akawa wa mwisho hata wale wa mbele wakampita tena. Alilitukana lile gari kwa maneno ambayo sikujua kwamba mama yangu anayajua. Lakini nilikuwa nikirudi kutoka kazini, kwenye duka la dawa Likoni, namkuta ameketi kwenye kiti chake kigumu, miguu peku juu ya pedali, anajisemea, "Punguza kabla, si ndani. Kabla, si ndani." Alikuwa ameligundua mwenyewe lile jambo la breki. Siku aliyomaliza wa nne alimwita bibi wa nyumba ya pili, rafiki yake wa kahawa, aje aone. Bibi wa watu alitazama, akauliza kama huyo wa nne anapewa kitu. "Hapewi kitu," mama akamwambia, "lakini hakusaidiwa na mtu."

Jumapili iliyofuata kaka akaja, amepitia barabara ya Dongo Kundu na gari lake. Alimkuta mama mchezoni, akasimama nyuma ya kiti kumtazama. Mama akakosea kona moja, akaenda majanini. Kaka akacheka. Hakucheka kwa ubaya, najua, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana angecheka kwa ubaya ningejua la kumjibu. Adhana ikaadhiniwa, mama akaenda kutawadha. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga mahamri. Kaka alibaki sebuleni peke yake.

Wiki ile mama akaanza kushinda. Siku ya kwanza alinipigia simu dukani: amekuwa wa kwanza. Wateja walinishangaa nikipiga kigelegele kati ya chupa za dawa ya kikohozi. Bibi wa nyumba ya pili akaambiwa. Mama wadogo wakaambiwa. Mama alitembea na ushindi ule siku nzima kama bibi harusi.

Halafu nikarudi jioni moja nikamkuta amekaa, usukani umo mapajani.

"Njoo uone," alinambia.

Akaelekeza gari ukutani, mguu ameukandamiza kwenye mafuta mpaka mwisho. Gari likapunguza mwendo lenyewe, likageuka lenyewe, likashika njia. Akarudia. Ukuta ule haukugongeka.

"Linanikatalia kukosea," alisema. "Nani aliyegusa mashine hii? Ni wewe?"

Nilimwapia wallahi si mimi. Lakini kule kuulizwa tu kulinichoma. Nilifungua menyu, nikaikuta misaada yote imewashwa, mmoja mmoja, hata ule ambao sisi hatukuwa tunajua upo. Nikampigia kaka papo hapo.

"Ah, hilo?" alisema. "Niliona anateseka. Mwache mama afurahi, ni mchezo tu."

"Njoo umwambie mwenyewe."

"We mtoto, usikuze mambo."

Alikuja Ijumaa baada ya swala, kanzu yake imepigwa pasi, ananukia udi. "Shikamoo mama." Mama aliitikia marahaba, lakini hakumkaribisha kiti.

"Wajua nimewaambia watu wangapi kwamba nimeshinda?" alimuuliza. "Umenifanya mwongo mbele ya jirani yangu."

"Mama, nilitaka ufurahi."

"Nilikuwa na furaha. Nilikuwa wa nne! Sasa hata sijui niko wapi."

Kaka akanitazama mimi, kana kwamba ningemsaidia kucheka. Sikumsaidia. Mama akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Ufunguo wa gari la babako."

"Wa nini?"

"Nitatafuta mwalimu. Nataka kujifunza."

"Mama, hii ni geimu. Barabarani watu hufa."

"Najua. Ndiyo maana nimesema mwalimu."

Alianza kueleza. Macho ya mama, umri wa mama, malori ya barabara ya Likoni, maneno ya watu. Alieleza kwa upole, polepole, kama anayemnywesha mgonjwa uji, na kadiri alivyokuwa mpole ndivyo nilivyotamani kumrushia sahani. Nilisema, "Ufunguo si wako." Akajibu kwamba yeye ndiye mwanamume wa nyumba hii. Anaishi Changamwe, ng'ambo ya maji, na ndiye mwanamume wa nyumba hii!

Akaondoka na ufunguo.

Siku chache baadaye mama alikwenda maulidini, nami nilikuwa kazini. Tuliporudi tulilikuta turubai limekunjwa vizuri kando ya ukuta, na pale lilipokuwa gari pana doa la mafuta. Kaka alisema kwa simu kwamba amelipeleka kwa fundi. Fundi huyo hajamaliza kazi mpaka leo. Tulikuja kusikia kwa watu kwamba gari la baba linaendeshwa na mwana mkubwa wa kaka, aliyemaliza shule juzi. Huyo macho yake ni mazuri, bila shaka, na malori yanamwogopa.

Nilitaka kwenda Changamwe kufanya fujo. Nilishavaa buibui, mama akanizuia mlangoni. "Ukipiga kelele kwake, itakuwa habari ya kelele zako," alinambia. "Alilolifanya yeye litasahauliwa." Nilivua buibui nikiwa nalia kwa hasira, na nilimkasirikia hata yeye, kwa kuwa alisema kweli.

Mama alijiandikisha kwenye shule ya udereva hapa hapa Likoni. Mwalimu wake, kijana wa bara mwenye subira, alimwita "mathe" kwa lugha ya mtaani siku ya kwanza. Siku ya pili alikuwa amejifunza kusema shikamoo. Mtihani wa kwanza mama alianguka. Alilizima gari mlimani, akababaika. Habari zikamfikia kaka, sijui kwa mdomo wa nani, naye akanipigia, nikasikia kicheko kabla ya salamu. Nikakata simu. Mama ameshapangiwa mtihani mwingine.

Idi iliyopita kaka alikuja na mkewe na watoto, na sahani ya halua. Mama alimpokea, akambusu kipaji cha uso, akaniagiza nilete kahawa. Nilimletea kila mtu kikombe chake, cha kaka nikakiweka chini mbali kidogo na mkono wake, akalazimika kuinuka. Aliniuliza, "Bado umenuna tu?" Nikamwambia ndiyo, nikarudi jikoni.