Sheria ya jua niliitunga mimi, aliyeilipia ni shemeji yangu

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo.

Nimepita kwenye ule uzi wa filamu za wanyonya damu, zile za kutisha na kuchekesha kwa pamoja. Nimewaona mnabishana hadi mishipa ya shingo inawatoka. Huyu anasema mnyonya damu akiguswa na jua anageuka majivu, yule anasema mwamvuli unamtosha, mwingine anasema ataumwa kichwa tu na kesho ataamka.

Sikuchangia. Mimi ni mzee, nina jambo langu na hiyo sheria ya jua, na nimelikalia miaka zaidi ya hamsini. Leo nalitema kama lilivyokuwa, siongezi wala sipunguzi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, kwetu Bwera, mpakani na Kongo. Nilikuwa kijana wa ishirini na kitu, karani wa kahawa, Kiingereza nakisikia kiasi. Gari la sinema likija kutoka Kasese siku ya Jumapili, mtafsiri nilikuwa mimi.

Nyie mmezoea maandishi chini ya picha. Sisi tulikuwa na mtu. Unasimama kando ya kitambaa cheupe na pembe ya bati mdomoni, wazungu wakiongea na wewe unaongea.

Ukitafsiri neno kwa neno watu wanasinzia. Kwa hiyo desturi ilikuwa kuwapa watu wa kwenye picha majina ya watu wa hapo hapo. Polisi mnene anaitwa jina la mwenye bucha, mama mkali anaitwa jina la mke wa katekista. Ukumbi unavunjika kwa kicheko, na mwenye jina anacheka kuliko wote.

Kazi ngumu ilikuwa pale mkanda unapokwisha au kukatika. Fundi anahangaika na mashine, kitambaa kinabaki cheupe, watu wanaanza miluzi. Hapo mtafsiri haruhusiwi kunyamaza. Unaongea chochote kinachokuja mdomoni, mradi wasitoke kudai kiingilio chao.

Sasa niwaeleze habari za Kambale.

Kambale alikimbia vita huko Kongo, upande wa Butembo. Akafanya kazi Katwe, kukata chumvi ziwani. Pale jua linapiga maji na chumvi, linarudi usoni kwako kutwa nzima. Miaka ikapita, macho yakachoka. Sista wa zahanati akamwambia aache ziwa na ajifiche na jua, la sivyo atapofuka. Akaja kufungua duka la vitenge Nyakiyumbu, jirani na kwetu. Mchana hatoki nje bila kofia pana, miwani myeusi na mwamvuli.

Alikuwa amemposa mdogo wangu Masika. Baba alikuwa amekubali, mbuzi wa kwanza walishafika nyumbani. Na Masika alimpenda, wakuu. Alikuwa akilisikia jina lake anaacha alichoshika.

Jumapili hiyo tulikuwa ukumbi wa parokia, saa tisa mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili picha ionekane. Filamu ni ya mnyonya damu mmoja mpumbavu. Anatoka mchana kununua nyama amevaa kofia ya majani, miwani myeusi na mwamvuli. Kidole kikatokeza kwenye jua, kikafuka moshi, akakitumbukiza kwenye jagi la maziwa ya watu.

Ningeachaje? Shemeji ni mtu wa kutaniwa. Nikapaza sauti kwenye pembe: "Huyu anaitwa Kambale, muuza vitenge!"

Ukumbi ulicheka mpaka vumbi likatimka. Kambale mwenyewe alikuwa benchi la nyuma, anacheka na kupiga mapaja.

Mkanda ukakatika.

Fundi akawa anaunganisha, haunganiki. Miluzi ikaanza. Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti, "Watu ya namna hii tutaijua aje?" Mkumbuke enzi hizo watu wetu walikuwa na hofu ya kweli ya watu wanaosemekana kuvizia wenzao na kuwatoa damu. Swali lile halikuwa mzaha.

Mimi nikalijibu kama mzaha. Nikasema sheria ya hawa watu inajulikana: mtoe nje karibu na saa sita, avue kofia, avue miwani, ainue uso atazame jua bila kufumba, mpaka kivuli chake kiingie chini ya nyayo. Akimaliza ni mtu. Akishindwa ni mnyonya damu.

Ukumbi ukanyamaza kimya. Nilikifurahia kile kimya, siwafichi. Nikaona vichwa viwili vitatu vinageuka kutazama benchi la nyuma, na bado sikuelewa.

Kufikia Jumatano wanawake walikuwa wanapita duka la Kambale kwa upande wa pili wa njia. Kufikia Ijumaa wale mbuzi wa mahari walikuwa wamefungwa kamba tayari kurudishwa.

Jioni hiyo baba akatuita, mimi na Masika. Baba alipigana vita vya Mwingereza. Jambo dogo alilisema kwa Lhukonzo, lugha yetu, jambo zito alilisema kwa Kiswahili cha kambini.

"Wewe! Wewe nasikia Kizungu," akaniambia. "Ile sheria ya jua, sinema nasema, ama hapana sema?"

Wazee wenzake wawili walikuwa wamekaa pale. Kila mara baba aliwaringia kwamba mwanawe anawasikia wazungu hata wakiongea haraka. Masika alikuwa ananitazama.

Nikasema, "Ilisema, baba."

Maneno mawili tu, ukihesabu na hilo la "baba". Ningekula kiapo leo kwamba ulimi ulijisemea wenyewe, lakini hapana, nilisema mimi. Niliogopa kuonekana mropokaji mbele ya wazee, na niliogopa mwenye gari la sinema atatafuta mtafsiri mwingine.

"Bas. Kesho saa sita," baba akasema. "Kama iko mutu, nampa mutoto yangu. Kama hapana, rudi Kongo, upesi!"

Kambale alikuja peke yake, amepiga pasi shati. Ua wetu ulijaa watu. Alivua kofia na miwani akampa Masika avishike, akainua uso.

Kivuli chake kilikuwa bado na urefu wa mkono. Wakuu, kivuli kinakwenda polepole sana ukikitazama.

Machozi yakaanza kumtiririka, yakalowesha kola. Kidevu kikaanza kushuka. Baba akafoka, "Simama! Uso juu!" Masika alikuwa ameikunja ile kofia mpaka ukingo ukapasuka. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwake, najua alichosema sista wa zahanati, najua sheria ile ilitoka wapi, na nimefunga mdomo wangu. Huo ndio ukweli wangu.

Kivuli kikaingia chini ya nyayo. Wanawake wakapiga vigelegele. Baba akamshika Kambale mkono kwa mikono yake miwili, akasema "mutoto yangu", akasahau Kiswahili na kuendelea kwa Lhukonzo huku analia.

Alasiri nilimfuata dukani. Alikuwa amelala chali nyuma ya marobota ya vitenge, kitambaa kibichi machoni. Nikapiga magoti nikamwambia yote. Kwamba sinema haikusema. Kwamba niliitunga mimi.

Hakugeuka.

"Bofrere," akasema, ndivyo alivyoniita kwa Kifaransa chao, "mi nilijua. Ile wakati mashini ilisimama. Picha haikukuwa, na weye uliendelea tu kusema. Mi niliona."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Mbele ya baba yako, niseme mutoto wake wa masomo iko mubongo, anasema uongo? Angepata haya ya kufa nayo. Na Masika angekosa ndugu." Akageuza kile kitambaa machoni. "Jua inapita. Usimwambie Masika. Hata mi nikikufa, ufikirie mubaya na muzuri, kisha ndiyo umwambie."

Nililia, wakuu, mwanaume mzima.

Walioana mwezi uliofuata. Jicho la kulia lilizimika mwaka huohuo. La kushoto lilibaki la kumtambua mtu kwa mwendo wake. Alilea watoto sita na hakuwahi kunirushia neno, hata la utani.

Kambale alifariki mwaka juzi. Masika yupo, ana nguvu zake. Kila mara wajukuu wakikusanyika anawahadithia: "Babu yenu alilitazama jua kwa sababu yangu." Analisema kwa fahari, ndiyo hadithi kubwa ya maisha yake. Mimi nakaa pale na kikombe cha chai, naitikia kwa kichwa.

Nilichojifunza ni hiki. Watu wakinyamaza kukusikiliza, hapo ndipo pa kupima neno lako mara mbili. Na utani wa shemeji una raha yake, ila ukiona mwenzio ameanza kuulipia, simama useme hata kama utaaibika. Aibu ya siku moja ningekuwa nimeshaisahau.

Na nyie mnaobishana kuhusu jua na wanyonya damu, endeleeni kwa amani. Kila mwenye filamu anatunga sheria yake. Tusiwatoe watu nje kwa sheria hizo, basi.

Jumapili hii Masika anakuja kula kwangu. Nimeamua kumwambia. Ajue kwamba mumewe siku ile alisimama kwa ajili yake, na alisimama pia kwa ajili yangu mimi nisiyestahili.

Tangu asubuhi naandika nafuta. Wenye dada, na mliowahi kukiri jambo la zamani, shukeni hapo chini mnisaidie. Matusi ruksa, nayapokea. Ila naomba mniachie na sentensi ya kwanza ya kumwambia Masika. Zinazofuata nitazitafuta mwenyewe.