Kiti cha kushoto, njia ya Beni–Butembo

"Unaona nini mbele?"

Swali jepesi, wakuu. Nilishindwa kulijibu, na leo Yaya Hamisi, kaka yangu mkubwa, anatembea kwa magongo.

Salamu kutoka Butembo. Sitatia chumvi. Laiti ingekuwa uongo.

Kwa wasiojua: Congo tunaendesha upande wa kulia, jirani zetu Uganda kushoto. Magari yetu mengi yanaingilia mpaka wa Kasindi, usukani ukiwa kulia kama yalivyotoka kwa watu wa kushoto.

Kwa hiyo dereva wetu anakaa upande wa mtaro. Akitaka kupita lori, haoni kitu. Anayeona ni aliyekaa kiti cha kushoto, kwa kawaida convoyeur, yaani msaidizi wake.

Siku ya ajali, miaka mingi iliyopita, convoyeur alikuwa matangani Mangina. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza chuo, na ni camionnette ya Yaya, kigari chake cha mizigo, iliyonisomesha. Tulipakia kakao Beni, nikakaa kushoto.

Nilimchosha njia nzima.

"Yaya, nani aliamua tupite kuume? Na juu ya nini tunanunua magari ya batu ya kushoto? Haina logique!"

"Logique ni bei, dada. Weye, hata mavi ya mbuzi utaiuliza juu ya nini iko ya muviringo."

"Sawa, mais nani alichagua?"

"Uliza Babeleji, bale ba ukoloni!"

Karibu na Maboya tukakwama nyuma ya lori la mbao. Ndipo akaniuliza ninaona nini.

Niliona vumbi. Labda kulikuwa na kitu, labda hakuna. Baada ya hotuba zote zile, niliona aibu kusema sijui. Nikanyamaza, nikidhani kimya maana yake subiri.

Kumbe kwa madereva kimya ni ruhusa. Convoyeur hupiga kelele kukiwa na hatari tu.

Katika maswali yangu yote, hilo sikuuliza.

Akaingia kushoto kulipita. Lori lingine likachomoza kwenye vumbi. Yaya akakata usukani kushoto, akaniingiza mimi kwenye majani, na upande wake ukabaki barabarani. Ndio uliogongwa.

Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti. Sasa anauza petroli kwa chupa pale parking ya Beni. Madereva wakimuuliza ilikuwaje, husema, "Vumbi. Vumbi tu." Hajanitaja hata siku moja. Heri angenitukana.

Somo langu: usikae kwenye kiti usichojua kazi yake. Na tafadhali, msiniandikie kwamba ni mpango wa Mungu. Hiyo nilishiba nayo hospitalini. Wenye magari ya usukani wa kulia, niambieni tu: kwenu kimya maana yake nini?

Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma asili ya kupita kulia. Wanahistoria wanabishana, ila maelezo yanayorudiwa zaidi ni haya: zamani Ulaya, waendesha mikokoteni mikubwa walipanda farasi wa nyuma kushoto. Wakashika upande wa kulia ili wapishane kushoto, pale walipokaa, na kila mmoja aweze kuinama na kuliona, kwa macho yake mwenyewe, gurudumu la anayekuja.