Nani Aionje Jin ya Fundi Saa?

Fundi saa huyu watu walimwita Dakika Moja, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kutajiwa muda mwingine, hata kama saa yenyewe ingekaa naye mwezi mzima. Kuacha pombe ndiyo kazi pekee aliyoimaliza kwa wakati. Mkewe alimwambia, "Nikikukuta na chupa tena, narudi kwetu." Dakika Moja alimjua mkewe si mtu wa maneno mawili, akaacha siku hiyo hiyo.

Lakini mkono uliozoea glasi haukai bure. Mwezi wa saba tangu aache, akaigundua jin, pombe yake ya zamani, ikiuzwa bila kilevi: chupa ile ile, harufu ya majani ile ile, ila ukimaliza kunywa bado unakumbuka kila upuuzi uliousema. Jioni, mkewe akiwa jikoni, akawa anajimiminia glasi, anatia ndimu na barafu, anajiona bwana mkubwa. Amweleze mkewe? Akasema kesho. Na kesho ya fundi saa mnaijua.

Jumapili mama mkwe akaja kuwajulia hali, akafungua kabati atafute bilauri, akaiona chupa.

"Mwanangu, funga mizigo."

Mkewe akachukua ufunguo wa chumbani. Alisimama mlangoni nao mkononi, na ufunguo ule ulimtisha Dakika Moja kuliko matusi. Alimpenda mke huyu, tena sana, ila hata kumwambia hilo alikuwa akikusogeza kesho.

"Mama, hebu soma hapa! Haina kilevi!"

Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, ikabidi aende kuleta lenzi yake ya kazini. Mama mkwe akaibana jichoni, akasoma, akairudisha.

"Karatasi hubandikwa na muuzaji. Ionjwe."

Ionjwe na nani? Hapo ndipo penye kazi. Mama mkwe hajaonja pombe tangu azaliwe, na bintiye vivyo hivyo. Mtu pekee mle ndani aliyeijua ladha ya jin alikuwa mshtakiwa mwenyewe. Basi akaitwa jirani, fundi bomba, mtaalamu wa mambo hayo asiye na cheti.

Fundi bomba akanywa glasi, akatazama dari. Akaomba ya pili, akidai shahidi mwema hakurupuki. Ya tatu akaitema kwenye sinki.

"Kaka, nani kakufanyia hivi? Hii si pombe, hii ni adhabu!"

"Mlevi kamtetea mlevi!" mama mkwe akang'aka. "Sanduku liko wapi?"

Mkewe akaweka ufunguo mezani. Akamimina glasi, akampa mumewe.

"Kunywa yote."

Akanywa mpaka tone la mwisho.

"Haya, pumua."

Akapumua. Mkewe akasogeza pua mpaka mdomoni kwake, akafumba macho, akanusa taratibu, bila haraka yoyote.

"Si pombe, mama."

"Umejuaje wewe, hata kuonja hujawahi?"

"Miaka kumi na tisa pombe imenipumulia usoni kila nikilala. Nitakosaje kuijua?"

Fundi bomba akainamisha kichwa. Dakika Moja, aliyekwisha kuinua glasi ashangilie ushindi, akaishusha. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka moto. Miaka yote ile alidhani anakunywa peke yake.